Kuishi kwa mshahara mdogo ugenini: tuliyojifunza na tunayoomba

Maneno yaliyosemwa na walimu watatu mbele ya mkutano mkubwa wa chama, hapa Nyunzu



Mwenyekiti alituomba tueleze namna sisi walimu wa Kifaransa tulivyoishi Kigoma kwa mshahara mdogo. Anajua kwamba vijana wengi wanawaza kwenda Tanzania, Zambia ao Uganda kufundisha Kifaransa. Tumekubali kusema, lakini tutasema yote, hata yale yanayotuuma.

Mnajua tulivyotoka. Mwezi wa nane 1998 vita ilifika Kalemie, kiisha ikapanda huku kwetu. Tulivuka ziwa, tukapokelewa katika kambi ya Lugufu. Pale tulifundisha watoto wetu kwa programu ya Kongo, kwa Kifaransa, na kila mwisho wa mwezi tulipewa kitu kidogo walichoita motisha. Baadaye shule moja ya mjini Kigoma ilikosa mwalimu wa Kifaransa. Ikatutafutia kibali cha kutoka kambini, tukaenda watu wanne. Ndiyo, tulikuwa wanne. Leo mnaona watatu.

Mshahara ulikuwa shilingi 60,000 kwa kila mmoja. Siku ya kwanza mwenye nyumba akatuambia anataka kodi ya miezi sita. Tukashtuka! Kwetu kodi ni ya Serikali. Kumbe kule kodi ni franga za nyumba, na watu wengi wanaidai mbele, miezi sita ao mwaka mzima. Nyumba ilikuwa shilingi 12,000 kwa mwezi, maana yake 72,000 papo hapo. Mshahara mzima wa mtu mmoja haukutosha. Lakini kwa wanne ilikuwa 18,000 kila mtu. Tulikopa mara ya kwanza, na tangu siku ile kila mmoja alitia 3,000 ndani ya sanduku kila mwezi, ili miezi sita ikiisha kodi nyingine iwe tayari. Hapa tunasema likelemba, kule wanasema upatu, lakini letu halikuwa la kupokezana. Lilikuwa la nyumba tu.

Hili ni somo la kwanza, vijana. Mtu mwenye franga kidogo analipa zaidi kwa sababu hana za kulipa kwa mara moja. Ananunua makala kwa kopo, chumvi kwa kijiko, mafuta kwa kipimo. Sisi tulinunua gunia la makala kwa pamoja, na mafuta ya ngazi kwa dumu, maana Kigoma ngazi ni nyingi kama huku.

Dagaa ndio waliotulisha. Wavuvi wa Katonga na Kibirizi wanatoka na taa usiku wa giza. Siku hizo dagaa ni wengi na bei inashuka. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haivuti samaki vizuri, mitumbwi inakaa, na bei inapanda. Basi tulijifunza kuangalia mbingu kabla ya kuangalia mfuko. Usiku wa giza tulinunua dagaa wakavu wa kutosha, na wakati wa mbalamwezi tulikula wale wa akiba.

Likizo ndiyo iliyotusumbua. Mwaka wa masomo wa Tanzania unaanza mwezi wa kwanza na kuisha mwezi wa kumi na mbili, na shule ile haikulipa siku za likizo. Tukatafuta wanafunzi wengine. Wafanyabiashara wanaokwenda Bujumbura na Uvira walihitaji Kifaransa cha soko: kuhesabu, kuuliza bei, kusoma karatasi ya mpaka. Hatukuwafundisha vitenzi vyote. Tuliwafundisha wasidanganywe. Mmoja alitulipa mchele, mwingine sabuni. Tulipokea vyote.

Sasa mtu anaweza kusema: ehe, hawa walikuwa na akili. Ngojeni kwanza.

Wake zetu na watoto walibaki Lugufu. Walikula mgao wa PAM, walilima vipande vidogo vya udongo, wakachota maji na kuuguza watoto peke yao. Sisi tulijisifu kwamba tunaishi kwa bei ndogo, na wao ndio waliolipa bei iliyobaki. Hatukuwaambia aksanti wakati ule. Tunawaambia leo, mbele ya watu.

Na mwenzetu wa nne. Yeye ndiye aliyetunza sanduku. Mtu mwaminifu, daftari lake halikuwa na shilingi iliyopotea. Mwaka wa tatu, mwezi wa tano, alipata homa. Alisema ni uchovu. Tulimwambia aende lopitali, akajibu atakwenda mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka. Siku ya nne hakuweza kusimama. Tulimbeba, lakini malaria ilikwisha kupanda kichwani. Alikufa usiku ule. Tulimzika Ujiji.

Tulipofungua sanduku tulikuta shilingi 60,000. Miezi mitano ya nyumba, kamili. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Alilala karibu na franga hizo siku nne, na hakuzigusa, kwa sababu tulikuwa tumepatana kwamba ni za nyumba tu. Sisi wanne tulikubali sharti hilo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: je, mtu akigonjwa?

Hatusemi sharti ndilo lililomuua. Malaria ilimuua. Lakini tumelichukua jambo hili tangu siku ile mpaka leo. Baada ya maziko tulibadilisha. Katika kila shilingi 3,000, 1,000 ikawa ya ugonjwa, na mgonjwa alichukua kwanza, akaeleza nyuma. Ilitubidi kuhamia nyumba mbaya zaidi. Tulihamia.

Tulirudi kabla Lugufu haijafungwa mwaka 2009. Tulifikiri tumemaliza kuishi kama wageni. Lakini wengi wetu hapa tulikimbia tena wakati wa mapigano ya Watwa na Waluba, tukaanza upya ndani ya nchi yetu. Na ualimu mnauona. Tangu 2019 masomo ya msingi ya Serikali ni bure, na ni jambo jema, watoto wamejaa madarasani. Lakini mwalimu ambaye jina lake halijaingia kwenye lisiti ya mishahara, mzazi hamlipi tena, na Serikali haijamlipa bado. Anaishi hapa kwao kama tulivyoishi Kigoma, tena bila dagaa wa Katonga.

Ndiyo maana tunaleta ombi kwa chama. Sanduku letu leo lina sharti moja: mkopo wa mbegu na wa biashara ndogo, na kila mkopo unangoja mkutano wa mwezi. Sharti hilo ni zuri kwa mihogo. Kwa homa halifai. Tunaomba theluthi moja ya michango yetu itengwe kwa ugonjwa na uzazi. Watu watatu, na mmoja wao awe mama, wawe na ruhusa ya kutoa franga siku ile ile, hata usiku. Hesabu itasomwa kwenye mkutano unaofuata.

Kwenu wafadhili, tunawashukuru kwa mbegu na majembe. Tunaomba jambo moja: mnapoandika msaada wenu ni wa kitu gani, acheni sehemu ndogo isiyofungwa. Tutawaonyesha daftari, kila mstari.

Na nyinyi vijana, kama mnakwenda, nendeni. Kifaransa chenu kinatafutwa. Nunueni kwa pamoja, angalieni mwezi, msidharau mchele wa mwanafunzi. Lakini siku mnapopatana sharti la sanduku, ulizeni lile swali ambalo sisi hatukuuliza.

Mwenyekiti, tunaomba watu wapige kura leo, kabla ya mvua.