Kuomba Ruzuku kwa Haki

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya maendeleo, Songea)



Ruzuku ni fedha inayokabidhiwa kikundi kwa ajili ya watu wengine. Ikishapokelewa, mwenye haki nayo ni yule mjane au mtoto ambaye shida yake ilitajwa katika maombi. Kwa sababu hiyo, kuomba ruzuku ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la fedha.

Nchini Kenya, mfuko wa Kenya Community Development Foundation umekuwa ukisaidia jamii kukuza michango yake tangu mwaka 1997. Hapa Tanzania, Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa mwaka 2002, imetoa ruzuku kwa asasi za mikoani kwa ushindani. Katika ushindani huo umaskini peke yake haushindi. Kama ungeshinda, kila kijiji kingepewa. Hushinda kikundi kilichojiandaa.

Kwanza, tutangulize kazi yetu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 1960 vijana walianzisha kijiji cha Litowa, hapa Songea. Kutokana nacho kikazaliwa Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kilichounganisha vijiji zaidi ya 15 kabla ya kuvunjwa mwaka 1969. Misaada ya nje ilikuwapo, lakini mipango iliamuliwa na wanakijiji katika mikutano yao. Jembe lilitangulia, msaada ukafuata.

Pili, andiko la mradi litungwe na wanakikundi. Andiko la kukodi hubadilishwa jina la kijiji tu, na mfadhili akija kuuliza, wenye mradi hubaki wakitazamana. Andiko jema hueleza tatizo ni lipi na linawagusa wangapi. Tutafanya nini na lini. Gharama ni kiasi gani. Sisi tutachangia nini. Na tutajuaje kwamba tumefaulu. Anayeandika "kuwawezesha wanawake" hajasema neno. Anayeandika kwamba wajane 30 wa kata yake watafundishwa haki zao chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kabla ya msimu wa kulima, amesema jambo linaloweza kupimwa.

Tatu, hesabu ziwe wazi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, hudai taarifa ya kazi na ya fedha kila mwaka. Lakini kabla ya Msajili kuna wanakikundi. Wasomewe kwa Kiswahili, mkutanoni, kiasi kilichopokelewa na jinsi kilivyotumika. Stakabadhi zitunzwe, na watia saini wa benki wasitoke nyumba moja.

Nne, tuwe na uhuru wa kukataa. Fedha ya mwaka mmoja inayotutaka tuache lengo letu ni ghali mno: mwaka ukiisha, fedha imekwisha na lengo limepotea. Na tukinyimwa, tuulize sababu, turekebishe, tuombe tena.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, kila mwanakikundi wetu anaweza kueleza mradi wetu bila karatasi?
2. Ni lini mara ya mwisho hesabu zilisomwa mbele ya wote?
3. Ruzuku isipokuja, ni sehemu gani ya kazi tutaianza wenyewe?