Dawa za wadudu zinapokutana majini
Mto Umba huteremka kutoka milima ya Usambara, Tanzania, hadi baharini karibu na Vanga na kijiji jirani cha Jimbo, pwani ya Kenya. Mvua ya masika inapoosha mashamba ya bondeni, mabaki ya dawa za wadudu yanaweza kufika kwenye mikoko, wanamokulia kamba, kaa na samaki wachanga.

Kinachotisha zaidi ni mchanganyiko. Dawa za aina ya pairethroidi hushambulia neva, na mwili wa mnyama hujiokoa kwa vimeng'enya vinavyoivunja sumu hiyo. Dawa za oganofosfeti zaweza kuvizuia vimeng'enya hivyo, pairethroidi ikabaki na makali yake. Kamba na kaa huumia upesi kuliko samaki, maana kimaumbile ni ndugu wa wadudu.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio juu ya salmoni wachanga: diazinon na malathion, dawa mbili za oganofosfeti, kwa pamoja ziliwadhuru zaidi kuliko jumla ya madhara ya kila moja.

Hata hivyo, usalama wa dawa aghalabu hupimwa moja moja, ilhali mkulima anaweza kumimina mbili katika bomba moja la mgongoni ili apige dawa mara moja tu. Kipimo hicho hakiwatoshi wavuvi wa Vanga na Jimbo.