Babu Mdogo na Meli ya Khedive Ismail

(Maneno niliyoyasema mbele ya Waafrika Mashariki wa Guangzhou, tarehe 12 Februari)



Mmezoea kunisikia nikisema habari za kontena na ushuru wa bandarini. Leo naomba mnivumilie nimseme marehemu.

Mdogo wake babu aliingia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nyumbani tuliambiwa maneno machache tu: alikwenda Burma, hakurudi. Hakuna kaburi wala picha. Lilibaki jina, nami ndiye niliyepewa.

Ukweli ni kwamba Burma hakufika. Mapema Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo na watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi wa kike. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani, I-27, iliipiga. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, zikaisaka nyambizi ile kwa mabomu ya chini ya maji, huku manusura wakiogelea palepale. Nyambizi nayo ikazamishwa. Watu karibu 1,300 walikufa. Waliookoka ni 200 na ushei.

Mtaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi tulio Guangzhou?

Yanatuhusu. Mji huu wenyewe ulitekwa na Wajapani Oktoba 1938, na sababu mojawapo ya vita vya Burma ilikuwa kuifungua tena njia ya nchi kavu ya kupeleka misaada China. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba Mwafrika amekuja huku juzi kutafuta simu na nguo, tujue kwamba damu yetu ilitangulia, tena bila kuulizwa kama inataka.

Pili, tazameni wenyeji wetu. Hapo Huanghuagang wamewajengea kaburi mashujaa 72 wa mapambano ya 1911, na kila Aprili watu hupeleka maua. Sisi tunapeleka wapi?

Mahali papo. Nilipopita Nairobi nilikwenda kwenye makaburi ya vita, Barabara ya Ngong. Pana kumbukumbu ya askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi, na wa Khedive Ismail wamo. Nilisoma ukuta ule polepole mpaka nikalikuta jina langu. Ndugu zangu, nililia kama mtoto.

Na huyo ana bahati. Maelfu ya wapagazi wa Vita ya Kwanza, waliobeba mizigo Tanganyika mpaka wakafa njiani, hawakuandikwa majina. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri jambo hilo mwaka 2021 na kuomba radhi. Radhi tumeisikia; majina mengi bado.

Serikali zetu zifundishe habari hizi shuleni. Lakini tusizisubiri. Usiku wa leo, kila mmoja apige simu nyumbani, amuulize mzee aliyebaki: nani alikwenda vitani hakurudi? Aliitwa nani, mwana wa nani? Andikeni. Wazee hao wakiondoka, marehemu wetu watazama mara ya pili.