Sindano moja, mashua moja

Basoko, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iko pale mto Aruwimi unapoingia mto Kongo, na njia yake kuu ya kwenda Kisangani ni maji. Chanjo nayo hupita majini, ndani ya sanduku la barafu, na joto lake halitakiwi kuzidi nyuzi 8. Ukimwambia msichana wa kule arudi baada ya miezi 6 kuchomwa sindano ya pili ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, unamtaka makubwa. Huenda kwao wameshahamia shambani, au ameacha shule.

Ndiyo maana naithamini sana kazi ya Dakta Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Yeye na wenzake waliwafuatilia wanawake vijana 2,275, wa miaka 15 hadi 20, huko Kisumu, Thika na Nairobi. Je, dozi moja yatosha kuzuia virusi vya HPV, chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi? Baada ya miezi 18, kinga dhidi ya aina mbili zilizo hatari zaidi ilikuwa asilimia 97.5. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaikubali ratiba ya dozi moja. Tanzania ikaifuata 2024.

Dozi moja ni safari moja. Muuguzi anashuka kwenye mashua asubuhi, anawakuta wasichana darasani, anamaliza kazi. Na wasiosoma? Hao watafutwe sokoni na ufukoni, na mama zao waelezwe kwa Kilingala au Kiswahili, si kwa Kifaransa cha kwenye mabango.