Machozi ya Yusufu

Somo: Mwanzo 42:18–24



Yusufu alikuwa kijana wa miaka 17 alipouzwa kwa vipande 20 vya fedha. Miaka kama 20 baadaye alikuwa mkuu katika Misri, mwenye mke, watoto na heshima. Lakini ndugu zake walipoitaja siku ile mbele yake, aligeuka kando machozi yakamtoka. Cheo hakikuwa kimeliponya jeraha.

Pwani yetu yaijua biashara hii. Katika miaka ya 1870 Kanisa lilifungua Frere Town, Mombasa, kuwapokea waliotolewa katika majahazi ya watumwa, wakiwamo watoto. Leo mtego ni ahadi ya kazi, ya karo, au zawadi ya mgeni. Mwaka 2006 uchunguzi wa Serikali na UNICEF ulikadiria kuwa wasichana 10,000 hadi 15,000 wa pwani, Diani ikiwamo, walitumiwa katika biashara ya ngono. Sheria ya mwaka 2010 humwadhibu mwuzaji. Haimrudishii mtoto usingizi wake.

Mtoto aliyerudi kwao Kinondo aweza kushtuka usiku, kunyamaza, kufoka, hata kutaka kutoroka tena. Tusikimbilie kusema ana pepo au hana adabu. Moyo umeumia, nao wahitaji matibabu kama mguu uliovunjika. Aonane na mshauri aliyefunzwa, tena si mara moja. Aliyenajisiwa afikishwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia Ukimwi. Tumwombee, na siku ya kwenda kwa daktari tumsindikize.

Sasa neno kwa wazee wa kanisa na akina mama. Msimsimamishe mbele ya ushirika atoe ushuhuda. Yusufu alipokuwa tayari kusema, kwanza aliwatoa Wamisri wote. Saa aliichagua mwenyewe, na wa kumsikia pia. Mtoto aliyeuzwa alinyang'anywa hiari yake. Tukimshurutisha kusimulia, twamnyang'anya mara ya pili. Kaa naye, mpe chakula, itunze siri yake, ungoje.

Ukimwona mtoto hatarini, piga simu nambari 116, hailipiwi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekuwa pamoja na Yusufu shimoni na gerezani, uwe pamoja na watoto wetu usiku huu. Utupe sisi subira na midomo inayotunza siri. Amina.