Hotuba kwa Wauguzi wa Afya ya Jamii Siku ya Mahafali Yao

Wauguzi mnaohitimu leo, napenda kuwasimulia habari ya Wanavajo, kaumu ya wenyeji wa asili wa Marekani ambao makazi yao yamo katika nyika za Arizona, New Mexico na Utah.

Katika miaka ya 1950 kifua kikuu kiliwaandama watu wale, na ijapokuwa dawa zake zilikwisha kupatikana, wagonjwa wengi walitoroka hospitali, kwani kwa mila yao jengo alimofia mtu ni mahali pa kuogopwa, na mara nyingi hapakuwa na mtu wa kuwaeleza kwa lugha yao kwa nini watengwe na watoto wao. Ndipo alipoinuka Annie Dodge Wauneka, aliyechaguliwa mwaka 1951 kuingia katika Baraza la Wanavajo, akajifunza maradhi yale kwa madaktari, kisha akazunguka kutoka hogani hata hogani, zile nyumba zao za magogo na udongo, akizungumza kwa adabu na wagonjwa na hata na waganga wa jadi. Mwaka 1955 serikali ikaikabidhi Idara ya Afya ya Umma dhamana ya tiba ya wenyeji hao. Na huko Many Farms, katika nchi ya Wanavajo, Chuo Kikuu cha Cornell, kwa ridhaa ya Baraza, kikawafundisha Wanavajo kuzuru wagonjwa majumbani chini ya uangalizi wa wauguzi wa afya ya jamii.

Baraza, idara na chuo kikuu: kila mmoja alikuwa na nguvu ambayo mwenziwe hakuwa nayo, lakini itifaki zao zote zingalibaki karatasi tupu lau wasingalikuwapo wale walioketi mkekani na mgonjwa na kuaminiwa naye. Na kuwasikiliza wenyeji nako kuna faida yake: mwaka 1993, maradhi mageni ya mapafu yalipowaua vijana wenye siha katika nchi ileile, wazee wa Wanavajo waliwaambia watafiti habari za mvua na wingi wa panya, na maabara ikathibitisha kwamba virusi vilitoka kwa panya.

Basi, wanangu, mtakapotumwa vijijini bisheni hodi na mngoje kukaribishwa. Na mkirejea ofisini, wafikishieni wakubwa wenu yote mliyoambiwa na wenye nyumba, hata yale ambayo wakubwa hao hawatapenda kuyasikia.