Kuhusu Kuvigawa Vikundi vya Ngoma za Asili katika Matawi: Mada kwa Semina ya Manju na Viongozi wa Ngoma, Shinyanga



Hoja niliyotakiwa kuitolea rai ni hii: kama kikundi cha ngoma ambacho kazi yake ni kuyarudisha mbele ya macho ya watu maisha ya zama za watemi, yaani mavazi yao, silaha zao, mwendo wa wawindaji na adabu za ikulu, na ambacho wanachama wake wametapakaa kutoka mbuga za pamba za Shinyanga hata machimbo ya dhahabu ya Geita, chafaa kibaki kimoja chini ya uongozi mmoja, au kigawanywe, kila mkoa upate tawi lake.

Wanaotaka mgawanyo aghalabu huanza kwa kututandazia ramani. Nami naiheshimu ramani, walakini sioni kuwa ni mshauri mwema katika jambo hili. Mwaka 2012 Serikali ilipouunda Mkoa wa Geita, ikaichukua Geita yenyewe kutoka Mwanza, Bukombe kutoka Shinyanga na Chato kutoka Kagera, na wakati huo huo ikautoa Simiyu katika ubavu wa Shinyanga, ilikuwa na sababu zake za utawala, nazo zilikuwa sahihi kwa shughuli za utawala. Mchezaji wa Bukombe alilala akiwa mtu wa Shinyanga akaamka akiwa mtu wa Geita, na ngoma yake haikubadili mlio. Tukifanya mpaka wa mkoa kuwa mpaka wa tawi, basi kila ramani itakapochorwa upya itatulazimu nasi tugawane tena mavazi, mikuki na madaftari ya ada.

Wazee wetu waligawanyika zamani, wala hawakugawanyika hivyo. Masimulizi yasema kwamba katikati ya karne ya 19 walikuwapo Usukumani mafundi wawili wa dawa na wa ngoma, Ngika na Gumha, walioshindana ijulikane ni nani mwenye nguvu zaidi ya kuvuta watu. Waliomfuata Ngika wakawa Bagika, na waliomfuata Gumha wakawa Bagalu. Ikhtilafu hiyo, ambayo mpaka leo ndiyo mhimili wa ngoma zetu, haikukata ardhi vipande. Kijiji kimoja huwa na Bagika na Bagalu, wanaolima pamoja, wanaooana, na wanaozikana bila kuulizana upande, kisha mavuno yakiisha ghalani wakakutana uwanjani kila mmoja akiwa na azma ya kumwaibisha mwenzake.

Nawaomba radhi nikikaa kidogo katika jambo la uwanja, maana nadhani jibu letu limo humo. Mashindano yenyewe hayana hakimu mwenye filimbi. Pande mbili hucheza siku moja, saa moja, viwanja viwili vikiwa karibu, na watazamaji wako huru kwenda wanakopenda. Upande uliozungukwa na watu wengi ndio ulioshinda, na ulioachwa na watu hauna pa kukata rufani. Kwa sababu ya sheria hiyo moja, kali na ya haki, ndiyo tukapata hayo yote ambayo leo wageni hupiga picha: majembe yanayorushwa hewani na kudakwa katika bugobogobo, chatu wa Bayeye, wachezaji wa nyoka, anayevikwa shingoni, ngoma za wawindaji wa nungunungu, na masanamu ya mbao yenye viungo vinavyochezeshwa ili watu wacheke wakihamia upande huu. Hapana hata kimoja katika hivyo kilichobuniwa na kamati. Vilibuniwa na manju aliyeona umati unamponyoka. Na sherehe ya ngoma ya Bulabo, inayoanza kila mwaka kwa sikukuu ya Ekaristi, aghalabu mwezi wa Juni, huko Bujora alikojenga Padri David Clement wa Kanada makumbusho ya Wasukuma, haikuzifuta pande hizo mbili; ilizipa mahali pa kukabiliana.

Wala si sisi tu. Huko Marekani kipo chama kiitwacho Society for Creative Anachronism, kilichoanzia Berkeley mwaka 1966, ambacho wanachama wake huvaa deraya na kupigana kwa panga za henzirani mithili ya mashujaa wa Ulaya ya zama za kati. Chama kilipokua kilijigawa katika falme, kila mmoja na mfalme wake anayeupata ufalme kwa kushinda mapigano; na baina ya mbili katika falme hizo, ule wa Mashariki na ule wa Kati, ikaanzishwa mwaka 1972 vita ya mchezo huko Pennsylvania, ambayo hupiganwa kila mwaka hata leo. Wenyewe husema kwa mzaha kwamba atakayeshindwa ndiye atakayebebeshwa mji wa Pittsburgh. Watu wa mbali kabisa nasi, wenye mambo yao ya ajabu, nao waligundua kwamba tawi lisilo na mshindani hulala.

Kwa hiyo sipingi matawi. Ninalopinga ni kuyapima kwa mkoa, ilhali kinachotutenga kwa hakika ni kalenda. Mwanachama wa Kishapu au Maswa hupanda mvua zikishika, huvuna na kuuza pamba yake kati ya Mei na Julai, na ndipo mwili na mfuko wake huwa tayari kwa ngoma. Mwanachama aliye machimboni Geita au Bulyanhulu hana masika wala kiangazi. Akiwa mwajiriwa wa mgodi mkubwa, zamu ndiyo mtemi wake. Akiwa mchimbaji mdogo, siku zake hutegemea duara, yaani shimo lake la kuchimbia, maana duara likitoa dhahabu hatoki, na ikisikika habari ya rashi, yaani dhahabu mpya iliyofumuka mahali pengine, hata manju ataachwa peke yake na ngoma zake. Mtu huyo tumekuwa tukimwandika mtoro kwa kuwa hakuja mazoezini mwezi wa Juni, na hiyo si insafu. Tawi la machimbo lipewe ratiba yake, lijifunze Jumapili na siku za mapumziko ya zamu, liwe na manju wake anayelala huko huko. Mji wa Kahama, ulio na mashamba upande mmoja na migodi upande mwingine, uchague wenyewe kalenda ya kufuata.

Najua khofu ya wazee, nayo ni ya kweli: ngoma ikichezwa mwezi wowote, itageuka kuwa ya kukodiwa, ikapige mapokezi ya wageni na mikutano ya kampeni, mpaka vijana wasijue kuwa ilikuwa na msimu. Ndiyo maana nasema mazoezi yafuate kazi ya kila tawi, lakini mashindano baina ya matawi yawe baada ya mavuno tu. Mchimbaji ambaye mwaka mzima amekuwa huru kuchagua siku zake ataomba ruhusa siku hizo chache, na akinyimwa, tawi lake lipeleke waliopo.

Kuhusu hazina sitasema mengi. Tuliokuwa katika ushirika twakumbuka jinsi Victoria Federation, iliyoundwa mwaka 1955 ikaunganisha wakulima wa pamba wa kanda nzima ya Ziwa, ilivyokuwa kubwa hata mkulima asijue mlango wa ofisi yake, na jinsi baadaye Shinyanga ikawa na chama chake kikuu cha ushirika, SHIRECU. Ada ikae kwenye tawi lililoikusanya. Ngoma kuu na mavazi ya ikulu ndivyo visigawanywe, bali vikae kwa tawi lililoshinda mpaka mashindano yajayo, vikaguliwe na wazee wa pande zote vinapopokewa na vinaporudishwa.

Mahali pa mashindano ya kwanza napendekeza pawe Kahama. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limeirahisishia Geita njia ya kwenda Mwanza na Bujora, na wako wanaotaka kwa sababu hiyo tujiunge tu na Bulabo. Lakini Bulabo ina wenyewe, na Kahama hufikika kwa basi kutoka pande zetu zote. Viwanja viwe viwili, vitazamane, visitenganishwe kwa kamba wala kiingilio, na tawi la Kahama, kwa kuwa ni mwenyeji, lisiwe na kauli katika kukadiria umati.